Alama za Juu

"Alama zako, mama, ziko juu sana," kijana wa maabara alisema.

Alikuwa amesimama kwenye korido ya hospitali, boksi la barafu limemning'inia begani, na ndani ya chumba kilichokuwa nyuma yake mtu alikuwa tayari anamwita. Mama Marinda alikuwa amekaa kwenye benchi kwa tako moja, kama mtu aliyewekewa msumari upande wa pili. Nafasi hiyo ya kukaa alikuwa amepewa na kijana huyohuyo. Alimwinua jamaa mmoja aliyekuwa akichezea simu, akamwambia, "Mpishe mama, huoni anavyosimama?" Mama Marinda alikuwa bado anamshukuru moyoni kwa hilo, kwa hiyo habari yenyewe ilimkuta akitabasamu.

"Juu?" aliuliza.

"Juu kabisa. Kwenye kundi lako lote hakuna anayekufikia. Daktari mwenyewe ameshangaa."

"Daktari ameshangaa kwa ajili yangu mimi?"

"Wewe, mama. Sasa nisikilize, kuhusu ile kazi yako ya cherehani..."

"Wewe!" sauti ikatoka chumbani. "Damu zinaharibika huku, nani ana barafu?"

"Nakuja! Mama, nitakupigia simu nikueleze vizuri. Daktari bingwa wa mifupa atataka kukuona. Wewe ndiye wa kwanza kabisa." Akakimbia, boksi linamgonga mbavuni.

Mama Marinda alibaki ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Watu wa hospitali ile walikuwa wakichukua damu na mkojo wa watu wanaoumwa nyonga, wapate kujua ugonjwa unakwenda vipi ndani ya kiungo. Siku ya kwanza walieleza yote, lakini yeye alikaa chini ya feni iliyokuwa ikiunguruma kama lori bovu, akaambulia neno moja moja. Neno alama alilisikia. Na neno hilo lina nyumba mbili. Kwa watu wa maabara, alama ni dalili ya ubovu inayoelea kwenye damu, na ikipanda, mambo yamekwenda mrama. Kwa mwanamke aliyeolewa na mwalimu, alama hupanda kwa sababu moja tu. Kijana alikuwa amempa habari mbaya, na yeye akaibeba hadi nyumbani kama zawadi.

Nyumbani alimkuta Mwalimu barazani, gazeti la juzi mapajani na kalamu nyekundu mkononi. Alikuwa amestaafu, lakini kalamu haikustaafu. Kila kosa la mwandishi alilizungushia duara, kisha akatikisa kichwa kama vile mwandishi angekuja kulipokea gazeti lake na kupiga magoti.

"Wamesemaje?" akauliza bila kuinua macho.

"Wamesema alama zangu ziko juu."

Macho yakainuka. "Juu kiasi gani? Ngapi juu ya ngapi?"

"Hakutaja. Alisema kwenye kundi zima hakuna anayenifikia."

"Kundi lina watu wangapi?"

"Tunajaza ukumbi."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Halafu akasimama na kumpa mkono. Si ule wa kumsaidia mtu kupanda ngazi. Ulikuwa mkono ulionyooka, wa siku ya kufunga shule. "Hongera," akasema. "Hongera sana."

Mama Marinda alicheka, kisha akakosa pa kuyaweka macho. Mume huyu alikuwa amempa mengi: nyumba isiyovuja, watoto, heshima mbele za watu. Lakini mkono huo alikuwa akiwawekea watoto wa wenzao. Yeye shule aliiacha kabla ya kufika kwenye hesabu za sehemu, akabebeshwa wadogo zake mgongoni. Miaka yote madaftari ya wanafunzi yalipita kwenye meza yake ya kulia chakula, na wino mwekundu wa mumewe juu yake, huku yeye akiwashonea sare wale waliopata na wale waliokosa.

Mkwe wake, mke wa mwanawe dereva wa malori ambaye alikaa njiani zaidi kuliko nyumbani, alitoka jikoni, unga umemjaa viganjani. "Hongera, mama. Lakini mbona unachechemea vilevile?"

"Mwanafunzi bora haumwi kichwa?" Mwalimu alidakia. "Kipimo kimesema. Tubishane na kipimo?"

"Sibishani, baba. Nauliza tu."

"Maumivu mengine ni mazoea. Ukiyasikiliza sana yanavimba kichwa." Akaichukua fimbo ambayo mkwe alikuwa amemnunulia mama, akaisimamisha nyuma ya mlango pamoja na mafagio. "Mtu wa alama hizi hatembei na hii. Watu watatuonaje?"

Mama Marinda aliitazama fimbo ikienda. Kinena kilikuwa kinamchoma mpaka kwenye goti, na ulimi ulikuwa na neno. Lakini mkono ulikuwa bado una joto la ule mkono mwingine. Akalimeza neno lake.

Kufikia kesho yake mtaa mzima ulishajua, kwa sababu Mwalimu hakuwa mtu wa kuficha matokeo. Jirani muuza mkaa ndiye aliyeanza kumwita Namba Wani.

"Namba Wani!" alipiga kelele kutoka ng'ambo ya uchochoro, uso mweusi kwa vumbi la kazi yake. "Utufundishe na sisi! Mimi goti langu halijawahi kupata hata nusu!"

"Lilete darasani," Mama Marinda akamjibu.

"Likija litakaa nyuma, linapiga kelele!"

Wakacheka. Lakini yule muuza mkaa alikuwa na macho. Aliona jinsi Namba Wani alivyoshika fremu ya mlango kabla ya kuvuka kizingiti. Tangu siku hiyo, ndoo ya maji ya Mama Marinda ilianza kujikuta imejaa asubuhi, na pembeni ya mpini kulikuwa na alama za vidole vyeusi.

Wiki ile akaja mwenye duka la sare. Shule zilikaribia kufunguliwa, na kwa sketi za marinda hakukuwa na fundi wa kumpita Mama Marinda. Ndiyo maana aliitwa hivyo. Rinda lake lilikaa, likafuliwa, likakaliwa na mtoto mwaka mzima, na bado lilisimama kama ukuta.

"Nilisikia unaumwa," mwenye duka alisema akiwa amesimama mlangoni. "Nikasema basi, mwaka huu nimpelekee yule fundi wa stendi."

Hilo ndilo Mama Marinda alilokuwa amepanga kumwambia: mpelekee wa stendi. Maneno yalikuwa tayari mdomoni. Mwalimu akamtangulia.

"Anaumwa nani? Hospitali imempima ikampa alama za juu kuliko wote. Muulize mwenyewe."

"Ee! Kweli, mama?"

Wote wawili wakamgeukia. Mkwe naye alisimama kwenye mlango wa jikoni, akatikisa kichwa taratibu, mara moja, ili mama pekee aone.

"Lete," Mama Marinda akasema.

Mwenye duka akaleta majora ya kitambaa cha bluu mpaka kona ya sebule ikajaa.

Cherehani yake ilikuwa ya miguu, ya chuma kizito, imekaa chini ya dirisha. Alikuwa ameikanyaga tangu mwanawe wa kwanza anatambaa, na aliijua kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake gizani. Sasa kila alipoikanyaga, kitu ndani ya nyonga ya kulia kilisaga kama mchanga kwenye bawaba. Marinda yanataka mwendo mmoja: kunja, kanyaga, simama, kunja, kanyaga. Kusimama huko ndiko kulikomwua. Mguu ukishatulia, kuuamsha tena ilikuwa kama kumwamsha mlevi.

Akajifunza ujanja. Mkasi ukianguka, aliuacha chini mpaka mtu apite. Akitaka kuguna, alianza kuimba, na mguno ukapita ndani ya wimbo. Mwalimu barazani alifurahi. "Leo fundi wetu ana furaha," alimwambia muuza magazeti.

Siku moja alikuta kiti chake kimeinuka. Mtu alikuwa amekunja blanketi kuukuu, akalishona kwenye gunia na kuliweka juu ya kiti ili nyonga isikunjike sana. Mshono ulikuwa mbaya, wa mkono, umekwenda kama njia ya mbuzi. Mama Marinda aliupapasa. Mkwe wake alikuwa kwenye pasi, anabana marinda yaliyokwisha kushonwa, mgongo ameugeuza.

"Nani kashona uchafu huu?" mama akauliza kwa upole.

"Panya," mkwe akajibu.

"Panya huyu anahitaji kufundishwa."

"Panya huyu anataka kusema jambo moja." Mkwe akaiweka pasi wima. "Mama, tumwambie baba."

"Tumwambie nini?"

"Kwamba unalia ukidhani nimekwenda dukani."

"Silii. Natoa jasho la macho."

"Mama, mtu anayepona hapandi kitandani kwa kuunyanyua mguu wake kwa mikono miwili, kama mzigo wa mtu mwingine. Nimekuona."

Mama Marinda alizungusha gurudumu la cherehani kidogo kwa kiganja, mbele na nyuma, bila kushona. "Nikisema inauma, watanipima upya. Alama zitashuka." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Hujaona anavyonitazama siku hizi? Jana alinisomea gazeti. Akaniuliza mimi naonaje. Mimi!"

Mkwe alirudi kwenye pasi, na kwa muda mrefu alibana rinda moja tu.

Simu ilikuja sketi zikiwa hazijafika nusu. Haikuwa sauti ya yule kijana. Ilikuwa ya mwanamke, inasoma.

"Wote ambao alama zao ziko juu wanaombwa kufika hospitali Alhamisi asubuhi. Mje na mtu wa familia."

Mwalimu, aliyekuwa ameibandika simu kati ya sikio lake na la mkewe, alijipiga kofi pajani. "Na mtu wa familia! Umesikia? Hiyo ni hafla. Hawawezi kumwita mtu na familia yake kwa ajili ya kumchoma sindano."

"Pengine wana maelezo," Mama Marinda akasema.

"Maelezo yapo, lakini kwanza wanatambua watu. Ndivyo inavyokwenda. Nami nitasema neno la shukrani, si vizuri kupokea na kuondoka kama kuku."

Alhamisi hiyo alitoa koti lake la mahafali, lile lenye harufu ya sanduku, na tai. Mama Marinda alivaa gauni la harusi ya mwanawe. Kufika kwenye viatu, alikaa ukingoni mwa kitanda akivitazama vilivyokuwa sakafuni, mbali kama viatu vya mtu aliye nchi nyingine. Alikuwa anatafuta namna ya kumwita mkwe bila kusikika. Mwalimu akaingia, akaona, akapiga goti.

"Leo mshindi hainami," akasema, akamvalisha kimoja, kisha cha pili, akafunga kifungo kwa uangalifu mkubwa. Nywele zake utosini zilikuwa zimeisha. Mama Marinda aliutazama upara ule, na kwa mara ya kwanza tangu alama zitoke, aliona aibu. Mume wake alidhani anampa heshima. Hakujua kwamba alikuwa anamsaidia.

"Mwalimu," alisema.

"Naam."

"Hakuna. Asante."

Chumba walichoelekezwa hakikuwa na kitambaa mezani wala maua. Kilikuwa na mabenchi, na kwenye mabenchi kulikuwa na watu wenye fimbo. Mmoja alikuwa na magongo mawili ya chuma. Bibi mmoja aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, amelala usingizi. Mwalimu alisimama mlangoni na tai yake, akahesabu kwa macho kama anayetafuta darasa lake.

"Hawa nao wamealikwa?" akanong'ona.

Mwanamume mwenye magongo, mikono yake imepauka kwa saruji ya kubandika vigae, akajisogeza. "Karibu, mama. Na wewe zimepanda?"

"Zimepanda," Mama Marinda akasema.

"Pole sana."

Pole hiyo ilimwingia Mama Marinda polepole, kama maji yanayopanda kwenye nguo iliyoguswa ncha tu. Alitaka kumshika mume wake mkono. Lakini daktari bingwa alikuwa ameingia, mama wa makamo, miwani inaning'inia kwa kamba kifuani, mafaili yamemjaa kwapani. Na Mwalimu alikuwa amekwisha simama.

"Mheshimiwa daktari," alianza, kwa sauti ya uwanja wa shule. "Ndugu washindi."

Mtu akacheka puani.

"Kwa niaba ya familia yangu, napenda kuishukuru hospitali hii kwa kutambua juhudi za mke wangu, ambaye..."

"Washindi wa nini, mzee?" fundi vigae akauliza, bila ubaya, kwa mshangao mtupu. "Wa kuchechemea?"

Hapo kicheko kikapasuka. Walicheka watu ambao hawakuwa wamecheka siku nyingi, wakashika nyonga zao, wakasema "ai, ai," wakacheka tena. Bibi wa kiti cha magurudumu akaamka na kuuliza kuna nini. Mwalimu aliendelea. Hakuwahi kukatisha sentensi mbele ya darasa, na hakujua jinsi ya kuanza siku ile. Alimalizia: "...ambaye hakupata bahati ya kusoma, lakini leo ametupita sote." Mama Marinda aliinamisha uso, akatazama vifungo vya viatu vyake.

Daktari bingwa hakucheka. Aliyaweka mafaili mezani, akasimama mikono ameikunja mbele, kama mtu anavyomsikiliza mkuu wa shule, mpaka chumba kikaona haya na kutulia.

"Asante, Mwalimu," akasema. "Umesema vizuri. Naomba nianze na nyinyi. Njooni huku ndani."

Ndani kulikuwa na meza, viti, na picha nyeusi ya mifupa imebandikwa kwenye kioo chenye taa. Kijana wa maabara alisimama pembeni. Alipomwona Mama Marinda akiingia huku ameshikilia ukuta, uso ulimsawijika.

"Mama, wewe ni fundi cherehani," daktari alisema. "Ukifungua mashine yako chini, pale penye bobini ya uzi wa chini, unakuta nini?"

"Manyoya ya nyuzi."

"Ukiyakuta mengi kupita kawaida?"

"Nguo inaliwa," Mama Marinda akasema. "Meno yanayosukuma kitambaa yameshika vibaya."

"Basi. Kichwa cha mfupa wa paja kinazunguka ndani ya nyonga, na kimefunikwa na kitu laini kinachoteleza, kinaitwa gegedu. Likianza kulika, vijisehemu vyake vinaingia kwenye damu, vingine vinatoka na mkojo. Kwa macho huvioni. Kijana huyu anavipima kwa mashine. Hivyo ndivyo tunavyoviita alama."

Nje fundi vigae alikuwa anakohoa. Mwalimu alifungua mdomo, akasema neno baada ya neno, kama mtoto anayeanza kusoma. "Kwa hiyo... zikiwa... juu..."

"Zikiwa juu, gegedu linaliwa kwa kasi. Kipimo chenyewe bado tunakichunguza, peke yake hakitoshi. Lakini tazama na picha." Kidole chake kikafuata mstari. "Upande wa kushoto, pana uwazi kati ya mfupa na mfupa. Uwazi huo ndipo lilipo gegedu. Sasa kulia."

Hata asiye daktari aliona. Upande wa kulia mfupa ulikuwa umekaa juu ya mfupa, kama viti viwili vilivyopachikwa.

"Mama, inauma kiasi gani?"

"Daktari, mke wangu ni mvumili..." Mwalimu alianza.

"Inauma, baba watoto." Hakupaza sauti. "Inauma nikikaa, inauma nikisimama. Nikiimba ndipo inapouma zaidi. Kiatu asubuhi hii nisingeweza kukivaa, ungekuta nimekaa pale mpaka sasa. Nilinyamaza kwa sababu ulinipa mkono."

Mwalimu alimtazama. Kalamu nyekundu ilikuwa imechungulia kwenye mfuko wa koti lake. Aliigusa, kisha akaisukuma chini isionekane.

"Umekuwa ukikanyaga cherehani?" daktari akauliza.

"Kila siku. Nina sketi za shule nzima."

Daktari alimgeukia kijana wa maabara.

"Niliitwa," kijana akasema. "Nilitaka kumwambia aache kukanyaga, nikaitwa. Nikasema nitampigia simu. Nikasahau. Nilisema tu ziko juu... Mama, nisamehe."

"Mwanangu, siku ile uliona siwezi kusimama, ukanitafutia pa kukaa," Mama Marinda akamwambia. "Nyumbani kwangu hilo lilichukua muda zaidi." Halafu akamgeukia daktari. "Msimgombeze sana. Lakini neno hilo mlibadilishe. Wako wengi waliokaa chini ya feni."

Daktari aliandika kitu, akakipigia mstari. Kisha akaeleza yaliyobaki bila kuyapaka sukari. Wapasuaji walikuwa wanakuja, nafasi zilikuwa chache, na wale wa alama za juu ndio walioitwa kwanza. Angewekewa nyonga ya bandia. Angetembea, inshallah bila fimbo. "Lakini kukanyaga chuma kile kama zamani, siwezi kukuahidi. Na mpaka siku ya upasuaji, mguu huo usiuguse mashine. Ungepumzika mapema, misuli ingekuwa na nguvu zaidi ya kutusaidia. Sasa tutafanya kwa iliyopo."

"Mimi ndiye niliyesahihisha kabla ya kusoma swali," Mwalimu alisema, akiiambia picha ya kwenye kioo.

Walipotoka, wale wa kwenye mabenchi walitazama chini, na fundi vigae akasogeza magongo yake ili wapite. "Mzee," alisema taratibu, "hotuba ilikuwa nzuri. Mimi hakuna mtu amewahi kunisemea hivyo." Mwalimu aliitikia kwa kichwa. Kwenye korido alifungua tai, akaikunja kidogo kidogo mpaka ikawa kitu cha kutoshea kiganjani. Alitangulia hatua chache, kama alivyozoea, akasimama, akarudi.

"Nishike," akasema.

"Fimbo iko nyumbani."

"Ndiyo maana nasema nishike."

Mwenye duka la sare hakuwa na ubaya, ila shule haziahirishwi. Fundi wa stendi alikuwa tayari amejaa kazi. Majora yaliyobaki yalikaa kwenye kona ya sebule, na mkwe alisema potelea mbali, yarudishwe yalivyo, watu wazungumze. Mama Marinda alisema watoto hawatavaa mazungumzo.

Mwalimu alitoa fimbo nyuma ya mlango, akaifuta vumbi, akaitundika kwenye mgongo wa kiti cha mkewe. Kisha akaleta kigoda, akakiweka upande wa gurudumu la cherehani, akakaa, akaingiza mguu wake wa kulia chini ya meza mpaka ukafika kwenye pedali.

"Unafanya nini?" Mama Marinda akauliza.

"Wewe shika kitambaa. Mimi nitakanyaga."

Alikanyaga. Gurudumu likazunguka kinyume, na uzi ukakatika papo hapo. Mama Marinda akautunga tena. Akakanyaga, ukakatika. Mkwe aliziba mdomo kwa kiganja, akakimbilia jikoni, na huko wakamsikia akicheka na muuza mkaa dirishani.

"Unaanza na mguu," Mama Marinda akamfundisha. "Anza na mkono. Livute gurudumu kuelekea kwangu, mguu ufuate. Na usikimbie. Nikisema simama, simama."

Hiyo ndiyo ikawa kazi yao ya asubuhi: kunja, kanyaga, simama. Rinda la kwanza lilikwenda upande, likafumuliwa. Lililofuata nalo. Jasho lilimtoka Mwalimu kwenye upara, na alikuwa akikanyaga ulimi ameubana kwa meno, kama watoto wa darasa la kwanza wanavyoandika. Tarehe ya upasuaji ilikuwa kwenye kipande cha karatasi kilichobandikwa juu ya dirisha, na kila mmoja wao alikuwa akikitazama mwenzake asipotazama.

Rinda moja likakaa. Halikuwa kama ukuta, lakini lilikaa.

"Nipe alama," Mwalimu akasema.

"Ziko chini."

Akawaza kidogo. "Chini nzuri, au chini mbaya?"

Mama Marinda akaangua kicheko, na kicheko kikaifikia nyonga, na safari hii hakutafuta wimbo wa kukificha. "Ai!" alisema, waziwazi, nyumba nzima ikasikia.

Mguu wa Mwalimu ukasimama hapohapo, juu ya pedali, haukanyagi wala haushuki. "Inauma?"

"Inauma."

Mwalimu alikaa na mguu wake palepale, kiganja kwenye gurudumu, akimtazama usoni. Kitambaa cha bluu kilikuwa kimesimama chini ya sindano. Alingoja mpaka mabega ya mkewe yakashuka na pumzi ikarudi mahali pake.

"Haya," Mama Marinda akasema. "Kanyaga."